Mbawakavu wa kisiwa cha Mbiye: yupi anaharibu ngazi, yupi anazizalisha

Tulivuka kwenda Mbiye mwezi wa pili, maji ya mto yakiwa yamepungua mpaka mawe yanaonekana. Kivukoni alikuwa anatungoja mama mmoja wa ushirika wa michikichi, chupa ya plastiki mkononi, kifuniko chake amekitoboa kwa msumari. Hakutuuliza habari za safari. Aliinua ile chupa mbele ya macho yetu.

"Papa agronomu, hawa njo wanatumalizia ngazi. Mtupatie dawa moja, tuwaue wote."

Tulikata jani la mgomba, tukamwaga wadudu juu yake. Walikuwa wa namna tatu. Wa kwanza mkubwa, mweusi, ana pembe kichwani kama kifaru. Wa pili ana pua ndefu iliyopinda, mweusi na michirizi miekundu mgongoni. Wa tatu walikuwa wengi sana, wadogo, wa kahawia, urefu wa milimita tatu au nne. Hao wadogo mama aliwapata kwa kukung'uta ua la kiume la mchikichi ndani ya beseni.

Tukamwambia: "Mama, hawa wawili wakubwa tuwazungumzie. Lakini hawa wadogo ukiwaua, ngazi hutaziona."

Alicheka. Alifikiri tunamtania. Makala hii tumeiandika kwa sababu ya ile chupa, na kwa sababu vyama vingine vya ushirika, vya hapa mjini, vya Isangi na vya barabara ya Yangambi, vinatuuliza swali lile lile kila msimu.

Wote watatu ni mbawakavu: wadudu ambao mabawa yao ya juu yamekuwa magumu kama ganda, na yale ya kurukia yamekunjwa chini yake. Mtoto yeyote wa Kisangani amewahi kumfunga mmoja uzi mguuni na kumrusha kama ndege. Fukusi wa mahindi ni mbawakavu. Kimulimuli naye. Yule anayebiringisha mavi naye, na mpose, kama tutakavyoona, ni mtoto wa mbawakavu. Duniani wataalamu wamekwisha kuwapa majina aina kama 400,000, na hakuna kundi lingine la wanyama lenye aina nyingi hivyo. Na bado hawajamaliza. Mwaka 1982 Mmarekani Terry Erwin alitoa hesabu iliyowashangaza wenzake: alipuliza dawa kwenye vilele vya miti 19 ya aina moja huko Panama, akaokota walioanguka chini, na kwa hesabu yake wakafika aina kama 1,200 za mbawakavu. Kwa miti 19 tu.

Wa kwetu walianza kuokotwa zamani. Herbert Lang na James Chapin, waliotumwa na jumba la makumbusho la New York, walizunguka Kongo ya kaskazini-mashariki kuanzia 1909 hadi 1915, na mji huu ulikuwa mlango wao. Mwaka 2010, nchi ilipotimiza miaka 50 ya uhuru, wanasayansi wa Kongo na wa Ubelgiji walifanya safari ya mashua mtoni, wakaiita Boyekoli Ebale Congo, maana yake kwa Kilingala kujifunza mto Kongo. Kwa hiyo mkulima akisema "ni kidudu tu", ajue kwamba kuna watu waliovuka bahari kwa ajili ya kidudu hicho.

Sasa kuhusu kisiwa. Kwa wasiopafahamu, Mbiye iko katikati ya mto Kongo, juu kidogo ya maporomoko ya Wagenia, upande wa mashariki wa mji. Ni kirefu, kama kilomita 14, chembamba. Wenyeji wake ni Waenya, ambao wengi wenu mnawaita Wagenia, watu wa kuvua samaki. Siku hizi humo kuna mashamba pia: mihogo, mpunga, ndizi, michikichi. Tena humo kuna msitu mkubwa ulio karibu na mji kuliko ule unaofuata barabara zetu, na ni msitu wa namna tatu: ule wa nchi kavu, ule unaofurika mto ukijaa, na ule unaokaa na tope mwaka mzima. Mtaalamu wa mimea Hippolyte Nshimba aliufanyia kazi yake ya udaktari, akaimaliza mwaka 2008, na tangu hapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani hawajaacha kuvuka kwenda kuhesabu kitu: miti, panya, uyoga.

Kwa nini wanapenda kisiwa? Kwa sababu kisiwa kina mpaka. Ukisimama katikati ya msitu wa Tshopo hujui unaanzia wapi, unaishia wapi. Kisiwani unajua. Mwaka 1967 Wamarekani wawili, Robert MacArthur na Edward Wilson, walitoa kitabu cha hesabu ya visiwa ambacho mpaka leo kinafundishwa. Wazo lenyewe mvuvi wa Mbiye atalielewa kabla hatujamaliza sentensi. Kisiwa kina wanaoingia na wanaopotea. Kikiwa karibu na nchi kavu, wanaoingia ni wengi. Kikiwa kikubwa, wanaopotea ni wachache, kwa maana kila aina inapata nafasi ya kuwa na watu wake wengi, na mwaka mbaya hauwamalizi wote. Kwa kukadiria, kisiwa kikiwa kikubwa mara kumi kuliko kingine, aina zinazokaa humo zinakuwa kama mara mbili.

Igeuzeni hesabu hiyo. Ukikata msitu wa kisiwa mpaka ibaki sehemu moja ya kumi, kwa muda utapoteza kama nusu ya aina. Tunasema kwa muda, kwa sababu hawaondoki siku ile ile mti unapoanguka. Wengine wanabaki miaka, wachache wachache, hawazai vizuri, halafu siku moja hawapo na hakuna aliyewaona wakienda.

Na kuna visiwa vya namna nyingine. Kipande cha msitu kilichobaki katikati ya mashamba ya mihogo nacho ni kisiwa, hata kama hakijazungukwa na maji. Mbawakavu wengi wa chini, wale wa kivuli na majani yaliyooza, hawavuki shamba lenye jua kali. Kwao jua la saa sita ni mto Kongo. Charles Darwin aliandika mwaka 1859 kwamba kati ya aina 550 za mbawakavu zilizojulikana wakati ule katika visiwa vya Madeira, 200 hawakuweza kuruka kabisa. Yeye alifikiri ni upepo: wanaopenda kuruka wanachukuliwa baharini, wanaotulia chini wanabaki. Mbiye si Madeira, ng'ambo iko karibu na unaisikia redio ya jirani yako. Lakini mbawakavu asiyeruka hatavuka hata mkondo mwembamba, isipokuwa gogo linaloelea limchukue, au lile gugu la maji tunaloliita Kongo ya sika.

Ndiyo maana tulipofika Mbiye hatukutaka kuzungumzia dawa kwanza. Nyuma ya mashamba ya ushirika ule kuna kipande cha msitu wa nchi kavu. Watu wa makala wamekwisha kuja kukiomba. Bei waliyotaja si mbaya, na wanaushirika wana watoto wa kulipia shule. Hatukwenda kuwaambia wasiuze, msitu ni wao. Tulikwenda kuwaonyesha ni nani anakaa humo, ili wakiuza wajue wanachouza.

Turudi kwenye jani la mgomba, na tuanze na wale wadogo.

Jina lao la kitaalamu ni Elaeidobius, na hapa Afrika ni wa aina kadhaa. Mnajua kwamba mchikichi mmoja unatoa maua ya kiume na ya kike, lakini kwa zamu: miezi ya haya, miezi ya yale. Kwa hiyo unga wa kiume lazima utoke kwenye mti mwingine. Zamani wataalamu walifikiri upepo ndio unaupeleka. Kumbe ni hawa. Ua la kiume linapofunguka linatoa harufu tamu, inayofanana na bizari tamu. Wadogo hawa wanakusanyika hapo kwa mamia, wanakula, wanataga, na watoto wao wanakulia ndani ya ua hilo likishanyauka. Toka yai mpaka mdudu mzima hazifiki wiki tatu. Halafu ua la kike, ambalo halina chakula chao, linatoa harufu ile ile kwa siku chache tu. Wanadanganyika, wanakwenda huko na unga umewajaa mwilini, wanatembea juu yake, hawakuti kitu, wanaondoka. Ngazi zimeshatungwa.

Ni nani aliyegundua uzito wa kazi hii? Ni watu waliomkosa. Mwaka 1848 miche minne ya michikichi ilipandwa Bogor, kwenye kisiwa cha Java, na mashamba makubwa ya Asia yalianzia kwenye uzao wa miche hiyo. Mti ulisafiri, mdudu wake akabaki Afrika. Huko Malaysia ikabidi wafanyakazi wapite mti kwa mti kupuliza unga kwenye maua ya kike kwa mkono, siku zote, mshahara juu ya mshahara. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mtaalamu wa wadudu kutoka Pakistan, R. A. Syed, alikwenda Kameruni kuangalia mchikichi nyumbani kwake. Mwezi wa pili 1981 Elaeidobius kamerunicus aliachiliwa Malaysia. Mikungu ikajaa, na kazi ya mkono ikaachwa. Nchi ile ilitajirika kwa mti wetu, na baadaye kwa mdudu wetu. Ninyi mnao bure, kila asubuhi, na mama yetu aliwaweka kwenye chupa akiomba sumu.

Asilaumiwe. Sisi tulifanya vibaya zaidi.

Miaka kadhaa nyuma, katika ushirika mwingine wa ng'ambo ya kushoto, mbawakavu wa pembe walishambulia michikichi iliyoanza kuzaa. Tulipeleka pampu na dawa. Tulipulizia kila kitu: majani, moyo wa mti, maua, bila kuchagua. Wiki ile tulipiga picha na wanaushirika, wote tunacheka. Mkungu wa mchikichi unachukua miezi mitano au sita toka ua mpaka kuiva, kwa hiyo hakuna kilichoonekana haraka. Ilipofika wakati wa kukata, tulikuta mikungu yenye vitundu vidogo visivyo na kokwa, na mingine imeoza nusu. Wakulima walisema ni mvua. Sisi pia tulisema ni mvua. Mvua kweli ina sehemu yake, maana ikinyesha mfululizo hawa wadogo hawatembei sana. Lakini tulipokaa na daftari na kuhesabu miezi kurudi nyuma, hesabu iliangukia kwenye wiki ya pampu. Tangu siku hiyo tukiitwa kuangalia ugonjwa wa mchikichi, tunauliza kwanza: maua yako wapi, na nani amekaa juu yake?

Wa pembe sasa. Ni Oryctes. Kule pwani ya Tanzania na Zanzibar wakulima wa minazi wanamwita chonga, na hawampendi kuliko ninyi. Mkubwa anachimba shimo kwenye moyo wa mti akinywa maji yake. Jani likija kufunguka linaonekana limekatwa kwa mkasi, pembetatu pembetatu. Hapo mnajua alipita. Mti mkubwa unavumilia. Mche wa miaka miwili unaweza kufa. Lakini watoto wake hawako kwenye mti ulio hai: wanakulia ndani ya magogo yaliyooza, au kwenye lundo la takataka za shamba. Mkimtafuta juu tu, kazi haitaisha.

Mwenye pua ndefu ni Rhynchophorus, mama wa mpose. Hapa hatuhitaji kueleza sana, maana sokoni Kisangani mnamnunua kwenye sahani, akitikisika. Jike anatafuta jeraha la mchikichi: pale mgema alipokata, pale panga lilipoteleza, au lile shimo la mwenye pembe. Anataga humo, na watoto wanakula mti kutoka ndani. Kwa hiyo hawa wawili wanasaidiana bila kujuana, mmoja anafungua mlango, mwingine anaingia.

Na hapa ndipo ugomvi wa Mbiye ulipokuwa, kuliko hata makala. Wako wanaushirika waliopanda michikichi mipya, ile ya ganda jembamba. Mbegu hiyo ina historia ya hapa hapa: ni Yangambi, kilomita kama mia moja chini ya mto, ambako Beirnaert na Vanderweyen walieleza mwaka 1941 jinsi mwenye ganda nene akizalishwa na asiye na ganda anavyoleta mwenye ganda jembamba, lenye mafuta mengi. Wenye michikichi mipya wanataka magogo yote ya michikichi ya zamani yachomwe, ili wa pembe asizae. Na wako mama wanaouza mpose, ambao wanataka magogo yaachwe, maana gogo moja lililoangushwa vizuri ni pesa ya wiki. Kila upande ulikuwa na haki yake, na kila upande ulitutazama tuseme neno.

Mzee mmoja mvuvi, ambaye hana hata mchikichi mmoja, ndiye aliyeuliza swali la maana: "Mtoto wa huyu na mtoto wa yule, munawatambua namna gani?"

Tukapasua gogo pale pale. Mpose hana miguu, ni mnene katikati kama pipa dogo, kichwa chake chekundu cha kahawia. Mtoto wa mwenye pembe ana miguu sita mbele, amejikunja kama herufi C. Mpose anapenda gogo ambalo bado bichi, la wiki za kwanza. Yule mwingine anakuja likishaoza na kuwa kama unga. Basi, hawakuti gogo moja kwa wakati mmoja. Mama wanaweza kuvuna mpose wao kwanza. Mpose wakishatoka, gogo linapasuliwa vipande, linatandazwa likauke, lisipate nafasi ya kuoza polepole. Wenye miguu sita wakipatikana wapewe kuku na nguruwe, wanawafurahia sana. Kwenye michikichi michanga, pandeni pueraria au mukuna ifunike magogo yaliyobaki, mwenye pembe anapata shida kuyaona. Aliyekwisha kuingia kwenye moyo wa mti atolewe kwa waya wa gurudumu la toleka, ncha imekunjwa kama ndoana. Ni kazi ya asubuhi, mti kwa mti, lakini haigusi maua.

Tusidanganyane: wa pembe anaruka, na jirani asipopasua gogo lake, wako atakuja kwako. Ndiyo sababu jambo hili ni la ushirika na si la mtu mmoja.

Magogo ya ndani ya msitu hayo waachieni wenyewe. Hapo kuna mbawakavu wengine wengi wanaokula mti uliokufa, na wengine wanaowinda hao, na kuvu, na siafu, na ndege wanaopekua. Mwenye pembe akitaga humo anakuta wenye nyumba.

Mtauliza: huu wingi wa aina unatulinda kweli, au ni maneno ya wazungu wa mazingira? Angalieni visiwa ambavyo havina wingi huo. Samoa, katika bahari ya Pasifiki, mbawakavu wa pembe wa Asia, ndugu ya huyu wetu, aliingia karibu mwaka 1909 ndani ya miche ya mpira iliyotoka Ceylon. Hakukuta adui. Minazi iliteseka miaka zaidi ya hamsini, mpaka virusi inayomuua, iliyopatikana Malaysia mwaka 1963, ikapelekwa huko 1967. Guam, kisiwa kingine kidogo, alionekana 2007, na mpaka leo wanahangaika. Na mfano wa tatu unatuhusu zaidi. Yule mdudu mdogo mweusi anayetoboa matunda ya kahawa, ambaye wakulima wa robusta wa Isangi wanamjua vizuri, ni mzaliwa wa Afrika ya kati. Mwaka 2010 alikutwa Kona, kwenye kisiwa kikubwa cha Hawaii, penye kahawa ya bei ya juu. Hapa kwetu anasumbua. Kule aliwashtua, kwa sababu alifika peke yake, bila nyigu na chungu wanaomfuata hapa.

Kisiwa kikipunguziwa wakazi wake, hakibaki kitupu. Wanaobaki na wanaoingia ni wale wanaopenda mashamba yetu: wa pembe, wa viazi vitamu, fukusi wa ghala. Hao hawahitaji msitu. Magunia yanawatosha. Watanzania wanalijua hilo kwa uchungu: mwanzoni mwa miaka ya 1980, kule Tabora, aliingia mbawakavu wa ghala kutoka Amerika ya Kati, amefuata mahindi, akageuza magunia kuwa unga. Wakamwita dumuzi. Ninyi mnaopokea magunia bandarini au kutoka Ubundu, yakung'uteni na kuyaanika juani kabla hayajaingia ghalani. Hatutaongeza neno juu ya hilo, toleo lingine lilishalieleza.

Basi Mbiye tulitega vikombe. Si kazi ya chuo kikuu, ni kazi ya mkulima, na ushirika wowote unaweza kuifanya. Chukueni vikombe vya plastiki kumi. Chimbeni shimo, kikombe kiingie mpaka mdomo wake uwe sawa sawa na udongo, usizidi hata kidogo. Tieni maji kidogo na sabuni kidogo. Juu wekeni jani gumu lililoinuliwa kwa vijiti, mvua isijaze. Vitano viwe shambani, vitano ndani ya msitu, mbali na ukingo. Asubuhi ya tatu mwageni kila kikombe kwenye sahani nyeupe, mpange wanaofanana pamoja. Hamhitaji majina. Mnahesabu mafungu tu: fungu la weusi wanaong'aa, fungu la kijani, fungu la wenye meno makubwa. Wenye kufundisha watoto wa shule watapata somo zima hapo.

Shambani kwenye mihogo, sahani zilikuwa na wadudu wengi wa mafungu machache. Msituni ilikuwa kinyume: mafungu mengi, na mengine yenye mmoja tu. Walikuwamo wale wenye meno na miguu mirefu, ambao usiku wanakimbia chini wakiwinda viwavi na mayai ya konokono. Walikuwamo wa mavi. Hao wa mavi wanafukia mavi ya nyani na ya popo pamoja na mbegu zilizomo, na hivyo ndivyo miti mingi inavyopandwa humo bila jembe. Mmoja, mkubwa wa rangi ya shaba, alizua mabishano ya nusu saa kati ya vijana wawili: mmoja anasema anamwona kwao upande wa Lubunga, mwingine anakataa. Hatukuweza kuwasuluhisha. Tulimweka kwenye pombe kali, tutampeleka chuo kikuu, kwenye Kituo cha Uangalizi wa Bioanuwai, ambako wapo watu wanaoweza kumlinganisha na wengine.

Mama wa chupa alikaa muda mrefu mbele ya sahani za msituni. Aliuliza wale wenye meno wanakula nini. Tukamwambia. Akauliza kama wanafika mpaka kwenye mpunga wake, ulio ukingoni mwa ule msitu. Tukasema wengine wanatoka usiku, wanawinda pembeni, wanarudi kabla ya jua, na hatua kadhaa ndani ya shamba unawakuta wachache, zaidi ya hapo huwakuti.

"Kwa hiyo makala wakichukua pale," alisema, "hawa hawana pa kurudi asubuhi."

Mume wake alimkumbusha karo ya shule. Hapo mazungumzo yakawa marefu, ya Kienya, na sisi tulitoka nje tukaenda kuangalia mitumbwi.

Uamuzi haujatoka. Kikao cha ushirika kitakaa baada ya mavuno ya mpunga. Wazo lililo mezani ni la kugawa: upande wa mto, ambako miti ilishapunguka na kombokombo zimeota, watu wa makala wapewe kwa zamu na wapande miti tena, kipande cha katikati kisiguswe, kibaki kimeshikamana na msitu wa tope ulio nyuma yake, kisikatwe kikawa kisiwa ndani ya kisiwa. Bei itakuwa ndogo kuliko ile ya kwanza. Wengine hawajakubali, na hatuwalaumu.

Pampu yetu tuliirudisha mjini bila kuifungua. Vikombe kumi tuliwaachia. Ushirika wowote wa Tshopo unaotaka kufanya hesabu hiyo kabla ya kununua dawa msimu huu utume mtu ofisini kwetu siku za soko, vikombe vipo, na sahani nyeupe tutaazima kwa jirani.